KUTOKA MAGOME HADI UYOGA: KILOSA NA NGOZI ISIYOTOKA KWA NG'OMBE



Kuna mdau kaniuliza swali ambalo nimeona nisilijibu kwa mstari mmoja. Ameona mtandaoni mkoba unaosemekana umetengenezwa kwa uyoga. Anataka kujua kama ni kweli au ni zile picha za kudanganyana, na kama ni kweli, je, mtu wa Kilosa au Mikumi anaweza kuifanya kazi hiyo uani kwake?

Jibu fupi: ni kweli, na anaweza kujaribu. Jibu refu ndilo hili hapa chini, na limejaa historia. Kazi yangu ya gazeti imenipeleka Kilosa mara kadhaa, na kila nikienda narudi na fikra ile ile: wilaya hii haijawahi kukosa malighafi wala mikono ya kufanya kazi. Kilichoiponza ni kwamba hatua ya mwisho, ile yenye pesa, imekuwa ikifanyika kwingine. Nitawaonyesha kwa mifano, kisha tutafika kwenye uyoga.

Kwanza tuelewane uyoga ni nini. Kile kimwavuli tunachokichuma na kukiunga kwa nazi ni kama embe tu, ni tunda. Mwili wenyewe umejificha ndani ya gogo au udongo, nao ni nyuzi nyembamba nyeupe zilizosukana. Vunja kipande cha mti uliooza wakati wa masika, utaziona. Huo ndio utando wa uyoga. Ukiulisha vizuri kwenye trei pana, unajisuka wenyewe mpaka unakuwa kama mkeka mnene. Ukaubandua, ukaulainisha, ukaukausha kwa kuugandamiza, unapata kitu kinachokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa sindano. Hiyo ndiyo wanayoiita ngozi ya uyoga. Hakuna mnyama aliyechinjwa.

Haya, sasa twende nyuma.

NGUO ILIPOKUWA MTI

Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa mjini kwa barabara ya ndani, unapita kata inayoitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya! Vijana wa huko huwatania wageni kwamba wao wamezaliwa Ulaya na hawakuhitaji viza. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni misitu ya miombo, msitu ule ule unaoendelea kusini mpaka Msumbiji, Zambia na Malawi.

Katika ukanda huo wa miombo watu walijua kazi ya magome kwa karne nyingi. Gome la miombo lilitoa kamba ya kujengea nyumba, mzinga wa nyuki, na lindo la kuhifadhia nafaka. Katika sehemu nyingi za ukanda huo lilitoa pia nguo. Fundi alichagua mti, akachuna gome, akakwangua lile ganda gumu la nje, akaliloweka sehemu ya ndani, kisha akaligonga kwa nyundo ya mti mpaka likatanuka na kulegea. Ukilishika si kitambaa cha kufumwa wala si karatasi. Kwa mkono linakaribia zaidi ngozi.

Mabingwa wa kazi hii katika Afrika Mashariki ni Waganda. Wao hutumia mti uitwao mutuba, na nguo yake huitwa lubugo. Gome huchunwa wakati wa mvua, shina hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na mti unaota gome jipya. Mti huo huo unavunwa tena na tena kwa miaka mingi. Kazi hiyo iko mikononi mwa ukoo wa Ngonge, nao walikuwa wakimvalisha Kabaka na raia wake. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa rasmi kwenye orodha ya urithi usioshikika. Hata kwetu Kagera, Wahaya walikuwa nayo.

Kumbuka tofauti moja, maana tutaihitaji mbele. Mutuba unapona. Mti wa miombo ukiuchuna gome lote kuzunguka shina, unakufa. Kwa hiyo nguo ya magome ya Uganda ilikuwa shamba, mtu anapanda mutuba nyuma ya nyumba yake. Nguo ya magome ya miombo ilikuwa uwindaji. Unachukua, unaondoka.

MERIKANI NA ALAMA YA MANGUNGO

Nguo ya magome iliuawa na nini? Wengi watajibu ukoloni. Lakini ukisoma tarehe vizuri, nguo ya magome ilianza kufa kabla ya Mjerumani kutia mguu. Aliyeanza kuiua ni merikani.

Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said. Meli za Salem, Massachusetts, zikaanza kumwaga Zanzibar pamba nyeupe nzito isiyotiwa rangi. Waswahili wakaipa jina la kwao ilikotoka: merikani. Baada ya miaka michache jora la merikani lilikuwa fedha kamili. Ulilipia hongo kwa mtemi, ulinunulia chakula, ulilipia wapagazi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita nchi ya Wasagara, kwenye bonde la mto Mkondoa, yaani Kilosa hii hii. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, naye alibeba mizigo na mizigo ya merikani, kaniki na shanga.

Jiweke kwenye nafasi ya kijana wa Usagara wa mwaka 1860. Kugonga gome ni kazi ya siku kadhaa. Merikani unaipata kwa kuuza mtama au kuku kwa msafara unaopita. Ni nyepesi, inafulika, na ukiivaa unaonekana umestaarabika. Mimi na wewe tungechagua nini? Tusiwalaumu wazee. Ila tuone kilichotokea: ujuzi uliokuwa ndani ya kijiji ulikoma, na nguo ya mwilini ikaanza kutegemea kiwanda ambacho hakuna mtu wa Usagara aliyewahi kukiona. Marekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kati ya mwaka 1861 na 1865, pamba ikaadimika, na nguo kutoka Uingereza na India zikachukua nafasi ya merikani. Muuzaji alibadilika. Mnunuzi alibaki yule yule.

Kisha ikaja ile hadithi ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anaijua. Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara na makaratasi yake. Kule Msovero, ambayo leo tunaiandika Msowero, wilayani Kilosa, Mangungo akatia alama kwenye karatasi iliyoandikwa Kijerumani. Kwenye karatasi hiyo nchi yake ilikuwa imetolewa. Tangu hapo Mtanzania akitaka kusema mkataba fulani ni wa kijinga, anasema ni wa Mangungo.

Huwa sipendi tunavyomcheka mzee yule. Aliletewa lugha asiyoijua, na sheria ya nchi asiyoijua, na mtu aliyekuja kwa nia ya kudanganya. Sisi tuliosoma mpaka chuo kikuu tuna kisingizio gani?

MKONGE: ASILIMIA NNE

Mfano wa pili ni mkonge. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilizungukia Hamburg, na iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 ndiyo yakazaliwa mashamba yote mnayoyajua. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na kuendelea magharibi kupitia Kilosa, na mkonge ukaifuata reli. Kimamba, Rudewa na maeneo ya jirani yakawa nchi ya mkonge. Watu walitoka mbali kuja kukata mkonge Kilosa, ndiyo maana mpaka leo wilaya hii ina mchanganyiko wa makabila kuliko wilaya nyingi.

Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa kwa mwaka, ya kwanza duniani. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka hadi kufikia takriban tani 20,000 miaka ya 1990.

Lakini ninachotaka ukikumbuke si mporomoko. Ni hiki: katika mmea mzima wa mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu. Asilimia 96 iliyobaki ni maji na makapi yanayotupwa nyuma ya mashine. Kwa miaka zaidi ya mia moja tumekuwa tunauza asilimia 4 na kutupa asilimia 96.

Watafiti wetu wameliona hilo. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Anthony Mshandete na mwenzake Cuff walichapisha mwaka 2008 utafiti wa kuotesha aina tatu za uyoga wa porini wa hapa hapa Tanzania juu ya makapi ya mkonge yaliyoozeshwa. Ukaota, na ulikuwa wa kuliwa. Maana yake ni kwamba uyoga wa kwetu unakula takataka ya kwetu. Walikuwa wanatafuta chakula, si ngozi. Ila mwenye macho ameshaona ninapoelekea.

KIWANDA KILICHOKUWA NA KILA KITU ISIPOKUWA VIATU

Kabla ya uyoga, mfano wa tatu na wa mwisho, maana huu unahusu ngozi yenyewe.

Miaka ya 1970 serikali yetu ilisema sawa, tuna ng'ombe wengi, kwa nini tuuze ngozi mbichi na kununua viatu? Hoja ilikuwa sahihi kabisa. Vikajengwa viwanda vya kusindika ngozi, Moshi, Mwanza na Morogoro. Na pale Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikajengwa kiwanda cha viatu chenye uwezo wa jozi milioni 4 kwa mwaka. Mpango ulikuwa kuwavisha Watanzania wote, na robo tatu ya viatu viuzwe Ulaya. Safari hii si ile Ulaya ya Kilosa.

Kilichotokea kinafundishwa leo kwenye vitabu vya uchumi duniani kama mfano wa kushindwa. Jengo lilikuwa na kuta za bati zisizopitisha hewa, kwenye joto la Morogoro. Mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana. Kiwanda hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, na hakikuuza nje. Mwaka 1990 kikafungwa.

Wengine husoma habari hii wakasema, unaona, Waafrika hawawezi viwanda. Huo ni upuuzi. Tatizo ni kwamba mwanzo wake ulikuwa mwisho. Walianza na jozi milioni 4 kabla ya kujua kama wanaweza kutengeneza jozi 400 zinazopendwa na mtu. Fundi wa makubazi aliyekaa chini ya mwembe Kilosa alikuwa na soko, vifaa, na wateja waliorudi. Hakuna aliyemuuliza chochote.

UYOGA NAO UNA HISTORIA YAKE

Sasa tumefika. Watu wengi wanadhani ngozi ya uyoga imeanzia maabara za Marekani juzi. Hapana.

Mwaka 1991, kwenye barafu mpakani mwa Italia na Austria, ilipatikana maiti ya mtu aliyekufa takriban miaka 5,300 iliyopita. Wakampa jina la Ötzi. Katika mizigo yake alikuwa na uyoga wa aina mbili, mmoja ukiwa ule mgumu unaoota kwenye miti, wa kuwashia moto. Uyoga huo huo, katika milima ya Transylvania huko Romania, mafundi wanauchemsha, wanaukata vipande, wanauvuta taratibu kwa mikono mpaka unatanuka, kisha wanashona kofia na mikoba laini kama ngozi ya swala. Ni kazi ya nyumbani, na familia chache bado wanaifanya. Kule Alaska, vipo vifuko vya ukutani vya Watlingit vya mwaka 1903. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba vimetengenezwa kwa utando wa uyoga unaojisuka ndani ya miti mizee. Kwa hiyo kuna watu waliokuwa wakishona utando zamani sana, bila maabara.

Hii ya kisasa ilianza na msanii, Phil Ross wa San Francisco, aliyekuwa akiotesha uyoga nyumbani miaka ya 1990 na kuutengenezea vitu vya sanaa. Mwaka 2013 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya MycoWorks. Mwaka 2021 Hermès, wale Wafaransa wa mikoba ya bei ya kutisha, wakaonyesha mkoba wenye ngozi ya kampuni hiyo. Mwaka huo huo Stella McCartney na adidas wakaonyesha bidhaa za ngozi nyingine ya uyoga iitwayo Mylo, ya kampuni ya Bolt Threads. Magazeti yakasema ng'ombe kwisha habari yake.

Mwaka 2023 Bolt Threads wakasimamisha Mylo. Pesa za kuendeleza hazikupatikana. Majina makubwa yalikuwepo, mashine zilikuwepo, sifa zilikuwepo. Umeikumbuka Morogoro? Mimi niliikumbuka. Kumbe ugonjwa wa kuanza na jozi milioni 4 hauna rangi wala bara.

Upande wetu kuna waliokwenda kwa hatua. Kenya kuna kampuni iitwayo MycoTile, ya msanifu majengo Mtamu Kililo. Wao hawakukimbilia mikoba ya Paris. Wanaotesha utando wa uyoga kwenye mabaki ya mashambani, wanapata vibao vya kuzuia joto na kelele ndani ya nyumba. Wamechukua takataka ya jirani na shida ya jirani.

JE, NYUMBANI INAWEZEKANA?

Inawezekana, na nusu ya kazi Watanzania tayari wanaijua. Uyoga wa mamama unalimwa mikoa mingi. Mikumi nilizungumza na mama mmoja anayeulima kwenye chumba kimoja cha nyuma. Anachemsha mabaki ya mazao kwenye pipa kwa saa kadhaa kuua vijidudu, anayapoza, anachanganya mbegu za uyoga, anajaza kwenye mifuko ya plastiki, anaiweka gizani. Baada ya wiki tatu hivi mfuko umekuwa mweupe wote. Hapo ndipo yeye huutoboa, anamwagilia na kuingiza hewa, uyoga utokeze.

Anayetaka ngozi anaacha njia hapo hapo. Badala ya kutoboa, anamwaga yale mabaki meupe kwenye trei pana, anayasawazisha na kuyafunika, anayaacha kwenye giza, joto na unyevu, hewa ikiwa kidogo. Hewa ikiwa kidogo uyoga hautoi vichwa kwa urahisi, unatanda tu. Juu yake kunaota ngozi nyeupe inayozidi kunenepa wiki hadi wiki. Ikifika unene wa kuridhisha anaibandua. Akiikausha hivyo hivyo inakakamaa kama ganda la mkate, kwa hiyo anailoweka kwanza kwenye maji yenye gliserini, ile ile ya dukani ya kupaka mwilini. Kisha anaikausha taratibu katikati ya vitambaa chini ya kitu kizito, na mwisho anaipaka nta ya nyuki.

Mamama inafaa kujifunzia, lakini ngozi yake ni dhaifu. Wanaofanya kazi hii kwa dhati hutumia jamii ya ganoderma, ule uyoga mgumu unaong'aa kama umepakwa vanishi na kuota kwenye visiki. Huo unapenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Yaani joto la Kilosa ambalo kila mgeni hulilalamikia!

Sasa ukweli mchungu. Kazi hii inaharibika kirahisi. Adui mkubwa ni ukungu wa kijani: ukiuona, trei nzima ni ya kutupa, tena mbali. Chumba kiwe safi, na ufunike pua unaposhika vitu vilivyoota ukungu. Ngozi ya nyumbani inachanika ukiivuta kwa nguvu na inanyonya maji. Itakutolea pochi, jalada la daftari, kifuniko cha kisu. Soli ya kiatu, sahau. Wenye viwanda huitia kitambaa katikati au huipaka plastiki juu, na ndiyo maana si kila kinachoitwa ngozi ya mimea ni rafiki wa mazingira kama tangazo linavyodai.

Lakini hebu tuwaze. Kinachohitajika katikati ni kitambaa chenye nyuzi imara. Kilosa ni wilaya ya mkonge, na pamba pia imelimwa huko tangu zamani. Makapi ya mkonge yawe chakula cha utando, singa ya mkonge iwe mifupa yake. Sijaona bado aliyefanya hivyo Kilosa. Naliweka hapa kama wazo, mwenye kulifanyia kazi alichukue.

MASWALI MAWILI MAGUMU

Swali la kwanza: nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ngozi nyingine zinaoza machinjioni kwa kukosa mnunuzi. Ngozi ya uyoga ya nini?

Ni swali la haki, na ukiwa Kilosa ni swali zito. Desemba 8, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa kwenye mgogoro na wafugaji. Chanzo chake ni cha miaka mingi: ardhi ya malisho na ya kilimo, mipaka, maji, na malalamiko ya pande zote mbili kwamba viongozi walikula rushwa badala ya kuamua. Kwa hiyo mtu akija Kilosa na kusema ngozi ya uyoga itapunguza ng'ombe na kuleta amani, mwambieni anaota. Mfugaji hafugi kwa ajili ya ngozi. Anafuga kwa ajili ya maziwa, nyama, mahari, heshima na akiba. Ngozi ni mabaki, kama yale makapi ya mkonge.

Ndiyo maana mimi siuweki uyoga ushindane na ng'ombe. Naona mabaki mawili yanayooza kwenye wilaya moja, ngozi na makapi, na vijana wengi wasio na ekari hata moja. Kijana huyo hawezi kufuga, maana hana malisho. Hawezi kulima, maana ardhi inagombewa. Chumba chenye rafu na trei 20 anaweza kukipata bila kugombana na mtu.

Na msitu je? Hapa kumbuka ile tofauti ya mutuba na miombo. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975, na sasa ina kilomita za mraba 3,230. Humo huruhusiwi kuchuna gome wala kuokota kuni. Nje ya hifadhi miombo inaliwa na mkaa unaokwenda Dar es Salaam, ingawa kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa vilianza kuvuna mkaa kwa mpango kwenye misitu yao wenyewe. Njia ya babu, ya kuchuna na kuondoka, imefungwa na haitafunguliwa tena. Iliyobaki ni njia ya mutuba, kuotesha nyuma ya nyumba. Uyoga ni mutuba wa mtu asiye na hata nafasi ya kupanda mti.

Swali la pili ni la yule mama wa Mikumi. Nilipomweleza habari hii alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani atanunua. Hilo swali lina akili kuliko mpango mzima wa kile kiwanda cha viatu. Jibu nililompa ndilo ninalowapa na nyie: kwanza jirani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Mikumi, watalii wanashuka pale kila siku na wanataka kununua kitu cha kukumbukia. Treni ya kisasa ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, nayo inapita Kilosa. Pochi 50 zinazouzwa kweli ni bora kuliko jozi milioni 4 za kwenye karatasi.

TUSIWE MANGUNGO WENYE DIGRII

Namalizia na jambo linaloninyima usingizi.

Kampuni za nje zimeshajiwekea hataza kwenye njia zao za kuotesha na kulainisha utando. Hiyo ni haki yao kisheria. Lakini misitu yetu ya miombo ina uyoga mwingi sana. Mwaka 2003 Wafini Marja Härkönen na Tuomo Niemelä pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi walitoa kitabu kizima cha uyoga wa Tanzania, na wenyeji ndio waliowaonyesha mengi. Hao walikuja kwa wema na kazi yao ni hazina. Wapo watakaokuja kwa nia nyingine. Atakuja mtu na gari zuri, aokote uyoga wa kwenye kisiki pale Zombo au Ulaya, autie kwenye kichupa, aondoke. Baada ya miaka 10 tutauziwa mkoba.

Atakapokuja atakuwa na karatasi ya kutia saini. Safari hii haitakuwa ya Kijerumani. Itakuwa ya Kiingereza, na atakayeisoma kwa niaba ya kijiji ni mimi au wewe, tuliosomeshwa kwa kodi ya wazee hao. Wa 1884 alikuwa na sababu ya kutoelewa. Sisi hatutakuwa nayo.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza, anza na mfuko mmoja wa mamama. Ukiota, kula uyoga, kisha jaribu trei. Ukipata kipande kinachoshoneka, niandikie, nitakuja na kamera. Na wenye ujuzi zaidi wa kilimo cha uyoga, hasa mlioko Morogoro, tusahihisheni na kutuongezea hapa chini.

Nawasilisha.